Msiwacheke Wanaotutisha Bila Kusema

Kila anapojitokeza mwongozaji huru na filamu ya kutisha ya mtindo wa sinema bubu, yenye picha nyeusi na nyeupe, waigizaji wasiotamka neno, kadi za maandishi katikati ya matukio na visa vitatu vinne vilivyofungwa pamoja, hukumu yake huwa imeshaandikwa kabla taa za ukumbi hazijazimwa. Mbwembwe tu, wanasema wahakiki. Amekosa fedha za kurekodi sauti, sasa anauita ukata wake sanaa. Walio wapole kidogo humsifu kwa mapenzi yake kwa sinema za kale, kisha humalizia palepale walipomalizia wenzao: kutisha bila sauti hakuwezekani, na visa vifupi vifupi ni dalili ya mtu aliyeshindwa kuandika kisa kimoja kirefu.

Maoni haya yameenea hata yanasemwa bila kutetewa, kana kwamba ni jambo linalojulikana na kila mtu. Mimi nayapinga. Wanaoyashika wanadhani kwamba sauti ndiyo inayotisha, kwamba mtindo wa zamani ukitumiwa leo hauna kazi zaidi ya kukumbusha, na kwamba mkusanyiko wa visa ni makombo yaliyookotwa. Yote matatu si kweli, na historia ya filamu za kutisha inayakanusha moja baada ya jingine.

Tuanze na sauti. Mtu akikuambia kwamba filamu ya kutisha haiwezi kuishi bila sauti, mwulize anaikumbuka sauti gani. Mara nyingi atakutajia ule mpigo wa ghafla: ukumbi umetulia, msichana anafungua kabati, hamna kitu, anageuka, na spika zinalipuka. Watu wanaruka vitini, kisha wanacheka. Huko ni kushtuka, na kushtuka si kuogopa. Tairi la lori likipasuka barabarani ukaruka, hukuliogopa lori. Mwili wako umefanya kazi yake tu. Hofu huja kabla ya mlio, hubaki baada yake, na mara nyingi huja pasipo mlio wowote. Debe tupu haliachi kuvuma, na ndiyo sababu filamu iliyokosa hofu hujazwa kelele.

Sasa itazame Nosferatu ya F. W. Murnau ya mwaka 1922. Karibu na mwisho, Count Orlok, aliyeigizwa na Max Schreck, anapanda ngazi kwenda chumbani kwa Ellen. Murnau hatuonyeshi Orlok mwenyewe. Anatuonyesha kivuli chake ukutani: mgongo uliopinda, pua iliyochongoka, vidole vyenye kucha vinavyozidi kurefuka kadiri mkono unavyousogelea mlango. Kisha tumo chumbani, na kivuli cha mkono ule kinapanda juu ya nguo nyeupe ya Ellen, kinafika kifuani, kinafumba ngumi pale ulipo moyo, naye anajipinda kwa maumivu. Hakuna mkono uliomgusa. Hakuna ukelele uliosikika. Ukiweka hapo ngazi zinazolia, pumzi nzito na mayowe ya mwanamke, utakuwa umeongeza nini? Utakuwa umempokonya mtazamaji kazi aliyokuwa akiifanya mwenyewe, ya kusikia moyoni kitu ambacho masikio hayakipati. Hakuna fundi wa sauti anayekijua kinachokutisha wewe kuliko unavyokijua mwenyewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Murnau aliutumia mshindo huo miaka mitano kabla sinema ya kusema haijashika kasi.

Studio kubwa zinalijua hilo vizuri. A Quiet Place ya mwaka 2018 inahusu familia isiyothubutu kutoa sauti kwa sababu majitu yanawinda kwa kusikia. Iliingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba watazamaji waliogopa hata kutafuna bisi. Basi kimya kikitumiwa na studio kubwa huitwa ubunifu, na kikitumiwa na mtu wa mfuko mdogo huitwa upungufu. Huo ni uhakiki wa kuangalia bajeti, si wa kuangalia filamu.

Tena si kweli kwamba sinema bubu zilitazamwa kimyakimya. Nosferatu ilikuwa na muziki wake, ulioandikwa na Hans Erdmann na kupigwa na okestra mbele ya skrini. Kumbi ndogo zilikuwa na mpiga piano. Japani kulikuwa na benshi, msimulizi aliyekaa kando ya skrini akieleza kisa na kuwasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake, na kuna benshi waliovuta watu kuliko waigizaji. Mwaka 1926 Teinosuke Kinugasa alipotengeneza Kurutta Ippeji, kisa kinachotokea ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili, hakuweka hata kadi moja ya maandishi. Alijua msimulizi atakuwepo, na yale ambayo msimulizi hawezi kuyasema yatasemwa na picha. Msomaji wa Afrika Mashariki ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kulishangaa jambo hili. Aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam akimsikiliza msimulizi Lufufu, au Kenya akimsikiliza DJ Afro, anajua kwamba filamu inaweza kuvuliwa sauti yake ya asili ikavikwa nyingine, na bado ikawashika watu koo. Sijasikia aliyetoka kibandani akilalamika kwamba filamu ilipungukiwa.

Kinachokosekana katika sinema bubu ni mazungumzo tu, na mazungumzo yameziua filamu nyingi za kutisha kuliko ukata. Karibu kila filamu ya mizimu ya siku hizi ina yule mhusika anayeingia katikati, awe padri, profesa au bibi wa nyumba ya jirani, akaeleza kila kitu: nyumba imejengwa juu ya makaburi, mtoto alikufa maji, dawa yake ni hii. Akimaliza kueleza, hofu nayo imekwisha. Kilichobaki ni kutekeleza maelekezo. Kadi ya maandishi haina nafasi ya hotuba hiyo. Ina maneno kumi, kumi na matano, kisha picha inarudi. Mwandishi analazimika kuchagua, na mwigizaji analazimika kusema kwa mwili.

Lon Chaney alikuwa mtoto wa wazazi viziwi, baba na mama, na alijifunza tangu utotoni kuongea kwa mikono na uso. Katika The Phantom of the Opera ya mwaka 1925, Christine anamnyemelea kwa nyuma akiwa anapiga kinanda, anakinyakua kinyago chake, na sisi tulio mbele tunauona ule uso kabla yake. Pua imekatika, macho yamezama, meno yako nje. Kwa muda mfupi tunajua jambo asilolijua Christine, wala hatuna namna ya kumwonya. Ndipo anapogeuka. Tukio hilo limejengwa kwa mahali ilipowekwa kamera na kwa mpangilio wa nani aone kwanza. Sauti haina kazi ya kufanya pale.

Hoja ya pili ndiyo inayotajwa kwa kujiamini zaidi: zama hizo zimepita. The Jazz Singer ilitoka mwaka 1927, sinema ikaanza kusema, na anayerudi nyuma leo anakumbuka tu ujana wa babu zake. Ajabu ni kwamba ulimwengu huohuo wa sinema uliishangilia The Artist ya Michel Hazanavicius mwaka 2012 ilipotwaa Oscar ya filamu bora, ilhali somo lenyewe la filamu ile ni kumbukumbu ya sinema bubu. Kukumbuka kwa gharama kubwa kulipewa tuzo. Mwongozaji mdogo anayeutumia mtindo huohuo kwa ajili ya kutisha, si kwa ajili ya kukumbuka, ndiye anayeambiwa ameganda.

Wasomaji wa Kiswahili wameshauona mgogoro wa namna hii nyumbani kwao. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, palizuka malumbano makali kati ya wanamapokeo na wanausasa. Leo yamepoa, na mashairi ya aina zote mbili yanaandikwa na kusomwa. Hakuna mhakiki mwenye akili timamu anayemwambia mshairi wa leo, anayetunga tarbia yenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, kwamba anafanya hivyo kwa kuwa hajapata habari za shairi huru. Tunamwuliza swali jingine: masharti hayo umeyafanyia kazi gani? Swali hilohilo ndilo analostahili mwongozaji wa sinema bubu ya leo, na wapo waliolijibu vizuri.

Chukua The Call of Cthulhu, iliyotolewa mwaka 2005 na H.P. Lovecraft Historical Society, chama cha mashabiki wa mwandishi huyo huko California, ikaongozwa na Andrew Leman kwa mswada wa Sean Branney. Lovecraft aliiandika hadithi hiyo mwaka 1926, ikachapwa katika jarida la Weird Tales mwaka 1928, na kwa miaka mingi ilisemekana haiwezi kufanywa filamu. Haina shujaa wa kukimbizana na zimwi. Ina mtu anayepekua makaratasi aliyoachiwa na marehemu ndugu wa babu yake: habari za msanii aliyefinyanga kibao cha udongo baada ya ndoto mbaya, taarifa ya inspekta wa polisi wa New Orleans aliyeivamia ibada ya kutisha kwenye vinamasi, na maandishi ya baharia wa Norway aliyefika kwenye jiji lililoibuka kutoka chini ya bahari. Ni visa vitatu vilivyofungwa kimoja ndani ya kingine. Mkusanyiko ulishakuwemo ndani ya hadithi yenyewe. Leman na wenzake wakaamua kutengeneza filamu kama ile ambayo ingetengenezwa wakati hadithi ilipoandikwa. Wakatoa dakika 47 za picha nyeusi na nyeupe, kadi za maandishi, na muziki mwanzo hadi mwisho.

Uamuzi huo ulitatua tatizo lisilotatuliwa na fedha. Katika hadithi, jiji la R'lyeh lina pembe zinazovunja kanuni za jiometri. Kompyuta ya studio kubwa ingelichora likawa jiji la ajabu lakini la kuaminika, lenye mawe na maji kama ya kweli, na mtazamaji akiliamini Lovecraft ameshindwa. Seti zilizopindapinda, za ukoo wa zile za filamu bubu Das Cabinet des Dr. Caligari, zinamwambia mtazamaji mapema kwamba humu macho yake hayatamsaidia. Zimwi lenyewe ni kisanamu kilichosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Mwendo wake haufanani na wa mnyama wala wa binadamu, na kwa kiumbe kile ndivyo inavyotakiwa. Lingewekwa katika filamu ya rangi, kando ya waigizaji wanaoongea, lingechekesha. Hapa zimwi, bahari na mabaharia ni watu wa ulimwengu mmoja.

Au chukua Dracula: Pages from a Virgin's Diary ya mwaka 2002. Guy Maddin wa Kanada aliichukua baleti ya Royal Winnipeg Ballet, akaivisha mtindo wa sinema bubu, na nafasi ya Dracula ikachezwa na Zhang Wei-Qiang, mchezaji mwenye asili ya China. Picha kwa sehemu kubwa hazina rangi, ila damu imeachwa nyekundu. Kwa njia hiyo riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 ilifunua jambo lililofukiwa na filamu nyingi za sauti: hofu ya Uingereza ya zama zile juu ya mgeni kutoka mashariki, anayekuja na fedha zake kuwachukua wanawake wao. Maddin alichukua zana za miaka ya 1920 akasema nazo jambo la leo kuhusu wahamiaji. Anayeita hiyo kumbukumbu tu hajaitazama.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wapinzani wangu wanasema kweli mahali pamoja. Wapo watu wanaopiga picha kwa kamera ya dijitali, wakaondoa rangi kwa kubonyeza kitufe, wakanyunyiza mikwaruzo na vumbi, wakaitetemesha picha na kuuharakisha mwendo, kisha wakatangaza kwamba wametengeneza sinema bubu. Hao wanastahili kusemwa, na nitawasema mimi kwanza, kwa sababu wanachoiga si sinema bubu bali nakala yake iliyochakaa.

Mikwaruzo ni makovu ya uzee. Mtu aliyeketi ukumbini Berlin mwaka 1922 alitazama nakala mpya, safi, yenye weusi uliokolea na mwanga uliong'aa. Ule mwendo wa kukimbiakimbia nao haukuwepo hivyo tunavyouona. Kamera zilizungushwa kwa mkono, na fremu kwa sekunde zilikuwa 16, 18 au 20 na ushei. Projekta za baadaye zilizofungwa kwenye fremu 24 ndizo zilizowageuza watu wazima kuwa vikaragosi. Hata huko kukosa rangi si ukweli mtupu, maana nakala nyingi zilitiwa rangi kipande kwa kipande, buluu kwa usiku, manjano ya taa kwa ndani ya nyumba. Nosferatu iliumizwa vibaya na jambo hili. Matukio yake ya usiku yalipigwa mchana, kwa hesabu kwamba buluu itayafanya usiku. Nakala zisizo na rangi zikasambaa kwa miongo mingi, watu wakamwona Orlok akitembea mjini na jeneza lake mchana kweupe, wakacheka. Na filamu hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha katika sinema habari kwamba mnyonya damu huuawa na jua.

Kuna na jambo la nyuso. Mikanda iliyotumika zaidi wakati ule haikuhisi nyekundu. Mdomo uliopakwa rangi nyekundu ulitoka mweusi, shavu lenye damu likatoka na kivuli, macho ya buluu yakatoka meupe kama ya maiti. Wapambaji wa waigizaji walilijua hilo na waliupaka uso kwa hesabu ya mkanda. Anayeondoa rangi kwa programu hapati uso ule. Anapata uso wa kawaida uliopauka. Aliyejifunza huanza na vipodozi na taa, kisha ndipo afike kwenye kamera. Kwa hiyo tofauti kati ya mbwembwe na kazi ya kweli inaonekana kwa macho, na mhakiki analipwa kuiona. Kuwatia wote kapu moja ni uvivu.

Nakuja kwenye hoja ya tatu, kwamba filamu ya visa vingi ni makombo. Hapa ndipo kutojua historia kunapoaibisha. Mnamo Novemba 1919, miezi michache kabla ya Caligari, Richard Oswald alitoa Unheimliche Geschichten nchini Ujerumani. Usiku, katika duka la vitabu vya zamani, picha tatu za ukutani zinashuka kutoka kwenye fremu zao: Shetani, Mauti na Malaya. Wanavifungua vitabu na kusoma visa vitano, kimojawapo cha Edgar Allan Poe kuhusu paka mweusi na kingine cha Robert Louis Stevenson kuhusu klabu ya watu wanaotaka kufa. Conrad Veidt, Reinhold Schünzel na Anita Berber wanaigiza katika visa vyote, nyuso zilezile zikirudi kwa majina mengine. Kwa hiyo mkusanyiko wa visa ulikuwepo tangu filamu za kutisha zilipokuwa zinajifunza kutembea. Anayeutumia leo hakuokota kitu jalalani; anaishi katika nyumba ya wazee wake.

Mkusanyiko una nguvu ambazo kisa kimoja kirefu hakinazo, na Fritz Lang alilionyesha hilo mwaka 1921 katika Der müde Tod. Msichana aliyenyang'anywa mchumba wake anamwendea Mauti kumdai. Mauti anamwonyesha ukumbi uliojaa mishumaa, kila mshumaa uhai wa mtu, na anampa nafasi tatu: akiuokoa hata mwali mmoja kati ya mitatu inayofifia, atarudishiwa mpenzi wake. Tunaingia kisa cha kwanza katika mji wa Kiislamu, cha pili Venice, cha tatu China. Mara tatu yule msichana anapenda, anapambana kwa akili na ujasiri, na mara tatu anashindwa. Kisa kimoja kingetuambia kwamba msichana fulani alishindwa na kifo. Visa vitatu vinatuambia kwamba kubadilisha nchi, nguo na hila hakusaidii. Kule kurudiwa ndiko kunakotisha, na mtu mmoja katika kisa kimoja hawezi kurudiwa.

Das Wachsfigurenkabinett ya Paul Leni, ya mwaka 1924, inafundisha jingine. Mshairi kijana anaajiriwa kuandika visa vya masanamu ya nta katika kibanda cha maonyesho. Cha kwanza ni cha Harun al-Rashid, anayejulikana na kila aliyesoma Alfu Lela Ulela, naye amechezwa na Emil Jannings kama mtawala mnene mpenda wanawake. Ni kichekesho kirefu, chenye majumba ya duara kama vitumbua. Cha pili ni cha Ivan wa Kutisha, mfalme wa Urusi, aliyechezwa na Veidt. Mfalme huyo hufurahia kuwatilia watu sumu na kuwawekea kioo cha mchanga chenye jina la anayekufa, awatazame wakiisha pamoja na mchanga. Siku anapokikuta kioo chenye jina lake mwenyewe anaamini ametiliwa sumu, na anaanza kukigeuza, mchanga unashuka, anakigeuza tena, unashuka, anakigeuza tena. Akili imeruka na mikono haiwezi kuacha. Cha tatu, cha muuaji wa London, ni cha dakika chache tu: mshairi ameota, picha zinapandana, muuaji anatokea kila anakoelekea, na hakuna hadithi tena, hofu tupu. Leni anatutoa kwenye kicheko, anatupitisha kwenye wazimu, anatutupa kwenye jinamizi, na kila kisa ni kifupi kuliko kilichotangulia. Huo ni mpango wa mtu anayejua hofu inavyokaza kamba.

Poe alishaeleza mwaka 1846 kwamba kazi inayotaka kumgusa msomaji kwa nguvu moja yafaa isomeke kwa mkao mmoja. Hofu haivumilii urefu. Filamu ya kutisha ya saa mbili hulazimika kujaza saa nzima kwa ndoa inayovunjika, mpelelezi asiyeaminiwa na mbwa anayebweka, ili dakika ishirini za kutisha zipate pa kukaa. Mwongozaji wa visa vifupi hukaa na zile dakika ishirini na kuondoka kabla hatujamzoea.

Limebaki suala la fedha, linalosemwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Ndiyo, sinema bubu ni nafuu. Huhitaji kurekodi mazungumzo, na gari likipita nje hurudii tukio. Ukitaka filamu isomwe nchi nyingine unabadilisha kadi, kama walivyofanya watu wa miaka ya 1920, waliouza filamu zao duniani kote bila kumwingiza mwigizaji studio kurudia maneno. Kuna ubaya gani? Nosferatu yenyewe ilitengenezwa na Prana-Film, kampuni changa iliyotoa filamu hiyo moja ikafilisika, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zake ziteketezwe kwa kuwa riwaya ya Stoker ilitumiwa bila ruhusa ya mjane wake. Ilipona kwa sababu nakala zilishasambaa. Mapambo ya Caligari yalikuwa turubai na rangi, na vivuli vingine vilichorwa kwa brashi moja kwa moja sakafuni na ukutani. Mwaka 1928, huko Rochester, jimbo la New York, James Sibley Watson na Melville Webber, watu wasiokuwa na studio yoyote nyuma yao, walitengeneza The Fall of the House of Usher ya dakika 13 kwa prizimu, picha zinazopandana na mapambo ya kutengeneza wenyewe. Leo imo katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Hakuna anayeikumbuka kwa kile ilichokosa.

Basi ombi langu kwa wahakiki ni dogo. Filamu ya namna hii ikija, itazame gizani, kwa mwendo wake sahihi, muziki wake ukisikika, simu ikiwa mfukoni. Angalia taa, nyuso, na uzito wa kila kadi. Angalia kama visa vinajengana au vimepangwa tu kama magunia. Ukikuta mikwaruzo ya kununua na mwendo wa vikaragosi, mchape aliyeifanya bila huruma, nitakuunga mkono. Na kama haikukutisha, sema haikukutisha, ututajie ni tukio gani lililoshindwa na kwa nini. Ila usituandikie kwamba haina sauti. Hilo mwongozaji alilijua kabla yako.